Sungura Aliyefundishwa Majani ya Mgomba

Bulyaga, Tukuyu

Baba yangu mpendwa,

Assalaam alaikum. Naomba barua hii ikukute umekaa kwenye kiti chako cha ngozi, miwani puani, na lile goti la kushoto limetulia. Mama anaendeleaje na kifua? Wale mbuzi wawili wameshazaa? Mvua imefika Kondoa au bado mnaangalia juu? Mimi ni mzima kabisa. Nafundisha, nakula vizuri, nalala chini ya mablanketi mawili, na mvua ya huku haihitaji kuulizwa kama imefika.

Mara ya mwisho kwenye simu uliniuliza, "Umepata mtu wa kuongea naye huko?" Nikasema ndiyo, halafu nikasingizia mtandao. Baba, nilikudanganya. Tangu nihamie huku nilikuwa natoka shuleni, nasalimia watu, nafunga mlango wa chumba changu. Watu wa hapa hawana ubaya wowote. Mimi ndiye niliyeona kwamba kuomba hata kijiko cha chumvi ni kujivua nguo mbele ya watu. Umenilea, unanijua. Lakini sasa nina habari ya kweli ya kukupa, na ni ndefu kuliko simu. Inahusu sungura. Usicheke kwanza.

Muhula ulipokwisha, mzazi mmoja wa Mpuguso, ambaye binti yake alikuwa anafeli Biolojia na sasa hafeli, alinifuata shuleni na kikapu kilichofunikwa jani bichi la mgomba. "Kitoweo kidogo, mwalimu," akasema. Nilipofunua nikakuta sungura wa kijivu, ndiyo kwanza ameachishwa kunyonya, anaenea kiganjani kama andazi. Nilishukuru. Njiani nilijiambia nitamkuza kidogo kisha atafutwe wa kumchinja. Nilipofika nyumbani tayari alikuwa anaitwa Ukungu, na wewe ndiye uliyeniambia zamani kwamba mbuzi akishapewa jina, kisu kirudishwe ndani.

Nimepanga chumba kwa Mama Lugano. Ni mjane, mama wa kanisani, anaimba sauti ya pili kwenye kwaya ya akina mama na kuongea anaongea kwa sauti hiyohiyo, ya chini na isiyotetereka. Alimtazama Ukungu kwa muda mrefu.

"Huyu atalala wapi?"

"Chumbani kwangu, mama."

"Chumbani. Na haja?"

"Nitamfundisha."

"Utamfundisha sungura." Hakuwa anauliza. Alirudia tu ili tusikie wote wawili. Halafu akaweka sharti. Mwanawe mkubwa, Lugano, amechumbia, na mwezi unaofuata shangazi wawili wa yule binti wangekuja kuiona nyumba atakayoolewa mtoto wao. "Siku hiyo nikikuta kinyesi hata kimoja nje ya hicho choo chake, anakwenda Kiwira kwa mdogo wangu. Na mdogo wangu hafugi, mwalimu. Anakaanga."

Mama Lugano si mtu wa kusema kitu halafu akasahau. Nikaanza kuhesabu wiki.

Nilianza vibaya. Mimi mwenye shahada, ninayechora utumbo wa sungura ubaoni kwa chaki za rangi, nilimlisha kabichi na ndizi mbivu, kwa sababu ndivyo vilivyokuwepo na alivipenda mno. Asubuhi ya siku ya tatu alikuwa amejikunja pembeni, manyoya ya nyuma yamelowa, anaharisha. Nilikaa sakafuni na kulia, Baba, na nilipokuwa nalia nikajishangaa, maana sikumbuki lini nililia mara ya mwisho. Kisha nikafanya jambo ambalo sikuwahi kulifanya tangu nipange pale. Nilikwenda kugonga mlango wa jiko la Mama Lugano.

"Umempa nini?"

"Ndizi."

"Mtoto wa juzi unampa ndizi. Hata wa mtu anaanza na uji." Akachukua simu yake akampigia afisa mifugo wa kata, akampa maelezo yangu yote pamoja na yale ambayo sikuwa nimemwambia. Jibu likaja: majani makavu, ashinde nayo na alale nayo; maji safi wakati wote; kabichi na vitu vitamu aviache kabisa. Akishapona na kukua kidogo, mboga za majani aanzishiwe aina moja moja, kiasi kidogo, ziwe zimenyauka.

Majani makavu! Baba, wewe unaishi mahali ambapo nyasi zinakauka zikiwa zimesimama. Hapa nilikata majani yale wanayolishia ng'ombe, nikayaanika kwenye kamba, yakanyeshewa. Nikayatandaza chini ya kitanda, yakaota ukungu. Mwisho nikawasha pasi. Mama Lugano alipita dirishani akasimama.

"Mwalimu, unapiga pasi majani."

"Ndiyo, mama."

Aliingia, akakusanya fungu lote, akaenda nalo jikoni kwake akalipanga juu ya uchanja, pale juu ya mafiga anapokaushia mahindi na kuni. Siku tatu baadaye yalikuwa yanalia mkononi kama karatasi, yananukia moshi. Ukungu aliyanusa, akapiga mguu chini kwa hasira, halafu akala. Kuharisha kulikwisha wiki hiyohiyo.

Tangu hapo kila asubuhi nilikuwa naenda jikoni kuchukua majani. Huwezi kuingia jiko la mtu, ukachukua majani, ukatoka. Basi nilikuwa nakaa kwenye kigoda, napewa chai, nasikia habari za mtaa, na siku nyingine nilijikuta nazungumza mimi.

Kumfundisha haja kulikwenda vizuri kuliko nilivyostahili. Nilimwangalia kwanza ni kona gani anaipenda, nikaweka beseni hapohapo badala ya pale nilipotaka mimi. Nilimfungia nafasi ndogo kwa mbao, nikawa naokota punje zake na kuzirudisha ndani ya beseni ili ajue ni pake. Nilipofuta mkojo sakafuni nilitumia siki ili harufu isimwite tena. Na majani yake ya kula niliyafunga pembeni mwa beseni, kwa sababu sungura anakula na kujisaidia kwa wakati mmoja, bila aibu yoyote. Sikumgombeza hata mara moja. Nilipoona anapatia nilimwongezea nafasi, kwanza nusu ya chumba, kisha chumba kizima, kisha korido nyakati za jioni. Kila alipohitaji, alirudi mbio kwenye beseni. Mama Lugano alikuja kukagua, akainama, akatazama chini ya kitanda. "Hm," akasema. Nilijivunia hiyo "hm" kuliko matokeo yangu ya chuo.

Kosa nilikuwa nimelifanya siku ya kwanza na sikuliona. Ndani ya beseni nilitandika majani makavu ya mgomba. Yako kila mahali hapa, ni ya bure, yanafyonza maji. Na kwa kuwa yako kila mahali, ndiyo yanayotumiwa kwa kila kitu.

Siku ya shangazi ilifika. Nyumba ilikuwa imesuguliwa mpaka kizingiti. Nilimfungia Ukungu chumbani, nikaenda kusaidia kupeleka chai, na kitasa changu, ambacho nimekuwa nikisema nitakitengeneza, kikaachia. Wageni walikula, walisifu, waliuliza mambo kwa upole unaouma. Walipokaribia kuondoka Mama Lugano akaniambia nilete ndizi kutoka stoo. Alikuwa ameivisha mkungu mzima wa ndizi kisukari kwa ajili yao, kwa kuwa huku ni fedheha mgeni wa namna ile kuondoka hana cha kubeba. Ndizi zilikuwa ndani ya tenga, zimefunikwa vizuri kwa majani makavu ya mgomba.

Ukungu alikuwa amekaa juu ya tenga. Alikuwa ametulia kama mtu aliye mahali pake, na alikuwa amemaliza. Kubwa na ndogo.

Ningeweza kumtoa, kutupa majani ya juu, kuosha ndizi na kunyamaza. Niliwaza hivyo, Baba, sikufichi. Lakini ndizi zile zingeliwa na watu, na zingepelekwa kwa jina la Mama Lugano. Nikamwita, nikamwonyesha.

Alitazama tenga. Akamtazama sungura. Mimi nilikuwa nimeshaanza kumwona Ukungu yuko Kiwira.

"Nani alimfundisha majani ya mgomba?"

"Mimi, mama."

"Mengine ulimfundisha?"

"Hapana. Hayo tu."

Nyuma yetu shangazi mkubwa alikuwa ametufuata kujua kinachotuchelewesha. Akachungulia. Nilidhani Mama Lugano atamziba kwa mwili wake, lakini alisogea pembeni akamwachia aone, akamweleza yote, beseni, sharti, hata pasi. Shangazi alishika mlango. Alianza kucheka bila sauti, mabega tu, mpaka akaketi juu ya gunia la mahindi.

"Nina wanaume watatu nyumbani," akasema alipopata pumzi, "na hakuna anayelenga namna hii."

Hapo Mama Lugano naye akashindwa. Sijawahi kumsikia akicheka kabla ya siku ile. Alipojifuta macho akanigeukia. "Mwanafunzi kafaulu. Aliyefeli ni mwalimu. Kwa hiyo adhabu ni yako, yeye abaki." Akajaza kikapu kingine: maparachichi, maharage, majani ya chai, na mkungu mbichi kutoka shambani nyuma ya nyumba. Nikatwishwa kikapu niwasindikize hadi barabarani, na manyunyu yananyesha. Mama Lugano alitembea nasi, mkungu begani.

Njiani shangazi mdogo alinisemesha Kinyakyusa. Nikatabasamu tu, maana zaidi ya "ugonile" ya kusalimia na "ndaga" ya kushukuru sijui. Akamgeukia Mama Lugano akauliza kwa Kiswahili, "Huyu naye ni binti yako?"

Nilitaka kueleza kwamba mimi ni mpangaji, natoka Kondoa, nafundisha. Sikuwahi.

"Ni wangu," akasema Mama Lugano bila kupunguza mwendo. "Sungura ndiye wake. Huko mimi simo."

Niliendelea kutembea, shingo imekaza chini ya mzigo, na nilishukuru kwamba mtu aliyebeba kitu kichwani halazimiki kumtazama mtu usoni.

Nimemwanzisha Ukungu upya kwa maranda kutoka kwa fundi seremala, na anaelewa polepole. Kitasa nimetengeneza. Uchumba umekubaliwa, na nimeambiwa nitakuwa upande wa jikoni siku ya harusi; hawakuniuliza kama nina nafasi.

Nisalimie Mama sana, na mwambie nakunywa tangawizi kama alivyoagiza. Msalimie kaka Idrisa na mkewe, shangazi Mwanaidi asiyependa paka wala sungura, na bibi wa nyumba ya juu. Yeye msomee sehemu ya tenga kwa sauti kubwa, masikio yake yanastahili. Mungu akulinde na akupunguzie maumivu ya goti.

Swali lako la kwenye simu, jibu lake ni ndiyo.

Mwanao,
Zubeda