Skafu ya Mama Shingoni kwa Wifi

Shoga, nimejiaibisha mbele ya darasa zima la ushonaji!

Ile skafu ya hariri ya marehemu mama, niliyokuwa namfutia mtoto udenda? Mwezi uliopita wifi aliiomba. Nikamwambia, "Chukua tu, fasheni ya kizee hiyo."

Leo jioni kaja nayo darasani, kaifunga shingoni, ncha zimelala begani. Alivyopendeza! Wivu ukanijaa.

Mwalimu akageuza pindo. "Limekunjwa na kushonwa kwa mkono! Hii ni kazi halisi ya mbunifu wa mitindo, ya zamani, na siku hizi za namna hii ndizo zinazotafutwa."

Pindo, shoga! Lile lile tulilofundishwa wiki iliyopita, nikapata alama zote, na la mama sikulitambua!

Maneno yakanitoka: "Ni yangu! Nilimwazima tu!"

Nilimwazima! Mimi!

Wifi akanitazama, akaifungua taratibu. "Basi chukua, wifi. Ya mama yako hiyo." Hata hakununa. Afadhali angenitukana.

Sasa niko mbele ya kioo. Nimeifunga shingoni, kichwani, mpaka kwenye mkoba. Mtoto ananicheka.

Nakwambia wewe tu: yeye ilimkaa vizuri kuliko mimi. Na bado simrudishii.