Mkono wa Bi Shaikha

Al Khuwair, Jumapili

Mama, shikamoo.

Nguru uliyetuletea kutoka Qurayyat tumempika wa nazi, na mwanao Yaqoob kammaliza karibu peke yake. Wazee wangu huko Ireland wanakusalimu.

Mama, nna aibu. Nilipokuchonga kwenye ubao ukimpa mgeni kahawa, nilijua picha ikipigwa chapa hugeuka, kulia kukawa kushoto. Sikujali. Kwetu mkono ni mkono tu. Kazi yangu ni kuangalia watu niwachonge, na hilo la mkono sikuliona. Basi juzi kwenye maonyesho wageni wakakuta picha yako ukutani, unatoa kikombe kwa mkono wa kushoto, wakaanza kunong'onezana.

Nilingoja unigombeze. Wewe ukacheka, ukawaambia, "Msimlaumu mkaza mwanangu, kachonga alichokiona. Mimi natumia kushoto toka udogoni."

Kahawa ilipopitishwa ukaipokea kwa kushoto, mbele ya mashoga zako wote, ukanywa mpaka ukamaliza.

Mkono wako wa kulia ulitangulia kunyanyuka, Mama, ukaurudisha mapajani. Safari hii niliuona.

Mkaza mwanao,
Nuala