Malewa na Damu ya Mafabi

Jumanne, 6 Agosti 1996. Mbale.
Vyakula vya mimea huenda vinabadili jinsi jeni zinavyofanya kazi katika utumbo mpana, na hivyo kupunguza hatari ya saratani. Kasema daktari wa upasuaji wa hapa, leo asubuhi. Nyuzinyuzi zikichacha tumboni hutoa kitu kinachoweza kuwasha jeni moja na kuzima nyingine. Bado wanachunguza. Si tiba. Katika taarifa yangu ya redio nimeandika "huenda" kila palipostahili.

Jumatano, 7 Agosti. Jinja.
Taarifa imesomwa redioni. Hawakuondoa neno hata moja. Nimeridhika.

Alhamisi, 8 Agosti.
Kambi ya jeshi ya Kimaka, kwa kaka yangu Mafabi, sajini. Mkewe Nambozo alinivuta jikoni: mumewe anapata choo chenye damu tangu Pasaka. Hospitali hajaenda. Aliposikia taarifa yangu akaagiza gunia la malewa kutoka kwetu, yale machipukizi ya mianzi ya mlimani. Nikamwuliza Mafabi mwenyewe.
"Si umesema mwenyewe redioni? Malewa inazima hiyo jeni."
Nilisema kinga, tena huenda. Damu inataka daktari. Hataki kuvua suruali achunguzwe nyuma. Kambi nzima itamcheka. Nimeogopa. Nimekasirika pia.

Jumapili, 11 Agosti. Wanale.
Nyumbani, sote. Mwaka wa tohara, ngoma kila upande. Malewa kwa mchuzi wa karanga. Nambozo alingoja mumewe ajaze mdomo.
"Afande, mbele ya kisu ulisimama, kijiji kizima kinatazama, hukupepesa jicho. Leo unakimbia kidole cha daktari?"
"Siku ile kulikuwa na ngoma."
"Tutakuletea wapigaji."
Shangazi alicheka mpaka akamwaga mchuzi. Mafabi naye akacheka, wa mwisho. Kisha akaniuliza daktari yule anaanza kazi saa ngapi.

Jumanne, 13 Agosti. Mbale.
Ameenda. Sare imepigwa pasi, buti zinang'aa. Mimi na Nambozo tulingoja nje. Kuna uvimbe. Kipande kimekatwa, kimepelekwa maabara. Daktari kasema aendelee kula mboga, ila mboga hazitamwambia uvimbe huo ni nini. Mafabi alitoka wima, akampigia muuguzi saluti. Taarifa zangu zote hazijawahi kunipa fahari kama hii.

Jumatano, 14 Agosti. Jinja.
Mvua. Mafabi yuko kazini. Ameomba ruhusa kwa mkuu wake, na sababu ameitaja bila kuficha. Majibu Ijumaa tarehe 23, saa tatu asubuhi. Nitakuwepo.