Freti Kumi na Tisa za Kaka Mwesiga

Jumanne, 3 Juni 2025

Wifi Edvina amepiga simu saa ya chai. Kaka Mwesiga anakuja kliniki Bukoba Ijumaa ya wiki ijayo, tarehe 13, na atapita kwangu Rwamishenye. Anataka gitaa lake la zamani lililobaki kwangu, ambalo hajaligusa tangu kiharusi cha Oktoba. Anataka kumpa Karugendo, aliyeshika nafasi yake kwenye kwaya.

Nikasema sawa wifi, lipo.

Lipo! Lipo mezani kwangu, halina nyuzi, na leo asubuhi kabla ya kwenda kazini nimeng'oa freti ya mwisho. Vile vyuma vyembamba vya shingoni, vyote kumi na tisa, viko kwenye kopo la siagi. Sikumuuliza mtu. Ningemuuliza angekataa. Hiyo ndiyo sababu yangu, na najua siyo nzuri.

Lakini lile gitaa limekwisha. Shingo imepinda, nyuzi zimekaa juu mno. Mimi ninayepiga msasa kutwa nzima siwezi kuzibana, yeye ataweza vipi? Vidole vyake vya kushoto vinakunja, ila havina nguvu. Ndiyo maana namjengea jipya tangu Februari. Sanduku tayari, shingo tayari. Zimebaki freti, na nataka ziwe zile zile zake. Zikilingana kabisa, isiwepo iliyozidi mwenzake hata kwa unene wa karatasi, nyuzi zitalala chini na kidole dhaifu kitatosha. Zikipishana, nyuzi zinakoroma, unazipandisha juu, na umerudi pale pale.

Siku kumi.

Alhamisi, 5 Juni

Nimechana mifereji kumi na tisa kwenye ubao mpya wa shingo, kipande cha mninga kilichobaki kwenye mlango wa mtu. Vipimo nimevitoa kwenye ubao wa zamani kwa kuulaza kando yake. Sikutaka hesabu zangu mwenyewe, nazijua.

Fundi Kahangwa alikuja kuchungulia saa ya chakula. Karakana ninayofanyia kazi ni yake, na msumeno mwembamba ni wake. Akasema mimi ni mtu wa kumalizia makabati, haya mengine nayatafuta. Kisha akanishika mkono akanionyesha namna ya kuuacha msumeno ukate wenyewe. Kweli, nilikuwa nausukuma. Kila kitu nakisukuma.

Mfereji wa kumi na mbili umepanuka. Hasira!

Jumamosi, 7 Juni

Zimeingia! Zote!

Nyundo nimeifunga kipande cha ndala ili isikwaruze chuma. Kila freti nimeikunja kidogo, nikagonga ncha hii, ncha ile, halafu katikati. Ikiingia vizuri mlio unabadilika, unakuwa mzito. Ya kumi na mbili ilikataa, inaruka juu kila nikiigonga. Nimeitia gundi na kuibana kwa jiwe la kusagia.

Nilifurahi mpaka sikuweza kukaa. Brashi ilikuwa pale, kopo lilikuwa wazi. Nikaupiga ubao wote vanishi, mikono miwili, mmoja juu ya mwingine. Unang'aa kama meza ya askofu.

Jumapili, 8 Juni. Pentekoste

Kanisani Karugendo amepiga vizuri. Nilitamani apige vibaya, Mungu anisamehe. Mama mmoja wa kwaya akaniuliza hali ya Mwesiga. Nikasema anaendelea. Kila mtu ndivyo anavyojibu.

Nimerudi nimegusa ubao. Unanata. Vanishi imetuama kila pembeni mwa freti, na juu ya vyuma imeganda kama ugali ulioachwa kwenye mwiko. Kahangwa hapokei simu siku ya Bwana.

Jumatatu, 9 Juni

Kahangwa ameangalia, akacheka mpaka akakaa chini. Kisha akaacha kucheka. Akasema hii siyo kabati, waitu, mwenzangu. Hapa mtu atapitisha vidole, hapatakiwi vanishi, na juu ya chuma ndiyo kabisa.

Nilijua! Mwezi wa tatu niliambiwa. Lakini mkono wangu umezoea: kitu kikiisha, kinapigwa vanishi. Miaka tisa ya makabati ya watu.

Nimekwangua kwa wembe kutoka kazini hadi giza likaingia. Nafasi saba kati ya kumi na tisa. Nimejikata kidole gumba.

Jumanne, 10 Juni

Zimebaki nne. Mgongo. Kahangwa amenipa ruhusa ya kesho bila kuombwa.

Jumatano, 11 Juni

Vanishi imetoka. Leo kusawazisha.

Nimegundisha msasa kwenye pima maji, chuma kirefu kilichonyooka, nikapaka wino mweusi juu ya kila freti. Unasukuma taratibu kutoka mwanzo wa shingo hadi mwisho. Palipobaki wino ni chini, msasa haujafika. Unarudia hadi wino uishe kila mahali.

Ukaisha kwenye freti za karibu na sanduku. Kwenye tatu za kwanza ukabaki. Nikaangalia kwa karibu: kuna mashimo. Madogo, chini ya kila uzi, mengine mawili mawili. Ni mahali alipokuwa anabana. Miaka kumi na tano ya kwaya, misiba na harusi, vidole vyake vimekula chuma.

Niliweka pima maji chini. Nikatoka, nikaenda kuchungulia migomba isiyo yangu. Nikarudi.

Mashimo yakibaki, nyuzi zitakoroma. Ili yaishe, lazima zote kumi na tisa zishuke hadi chini ya shimo refu kuliko yote. Yaani nisage alama zote za mkono wake. Nililia, naandika kwa kuwa hakuna atakayesoma. Nikasaga huku nalia. Uchafu wa chuma umejaa mezani, nimeufuta kwa kitambaa na kitambaa sijakitupa.

Alhamisi, 12 Juni

Freti zilikuwa bapa, nimezirudishia mgongo wa mviringo kwa tupa ya pembe tatu, moja moja. Ncha za pembeni nimezikata na kuzilainisha, nimepitisha shavu langu kuhakikisha hazichomi. Nimeweka nyuzi. Nimezishusha. Zimekaa chini sana, zinatisha.

Nimejaribu hadi ya tano. Safi. Kisha simu.

Edvina, sauti ya chini, kajificha jikoni kwao Kimwani. Anasema kaka hafanyi tena mazoezi, lile pira la kufinya kaliacha kwa watoto. Kaka amemwambia akishalitoa gitaa, basi, atajua limekwisha na atapumzika. Wifi alikuwa analia. Anaogopa hilo neno la kupumzika.

Mimi pia.

Sikumwambia kitu. Kesho.

Ijumaa, 13 Juni

Naandika hapa hapa kwenye kizingiti cha jikoni. Mwandiko utakavyokuwa na uwe.

Walifika saa saba kutoka kliniki. Edvina akaenda sokoni kununua samaki. Kaka akaingia ndani peke yake kabla sijapanga lolote, akaliona la zamani mezani. Akapitisha dole gumba la kulia kwenye mifereji mitupu, taratibu, wa kwanza hadi wa mwisho.

"Nani kazing'oa?"

"Mimi, kaka."

Akasema alitaka kulitoa mwenyewe, likiwa zima. "Hata hilo umeninyima, Koku."

Nilikuwa na maneno. Siku kumi nayapanga! Nikaleta jipya kutoka chumbani. Hakunyoosha mkono. Nikamlazia mapajani kama unavyompakatisha mgeni mtoto, hana pa kumweka. Nikasema tu kwamba nyuzi ziko chini.

Aliinama akaangalia shingo muda mrefu.

"Hizi ni zangu."

"Ni zako."

"Zilikuwa na mashimo."

"Nimeyasaga."

Akaniambia nitoke, nifunge mlango, na nisisimame dirishani. Hakunitazama.

Ndiyo niko hapa. Dakika kumi, hakuna kitu. Labda ameliweka chini. Labda anatazama ukuta. Edvina hajarudi. Nimeng'oa majani yote ya karibu na mguu wangu.

Uzi mmoja. Umekufa, kama kugonga ndoo. Tena. Umekufa.

Kimya.

Tena — na huu umelia! Mwembamba, dhaifu, lakini umelia. Anarudia pale pale. Sasa anapanda. Mmoja, mwingine, kwa kusimama, nasikia anavyohema katikati. Umekufa. Umelia. Umelia. Sasa mkoromo mbaya, kama nzi kwenye chupa. Tena ule ule.

"Koku."

Sauti ya ukali.

"Ya saba inakoroma."

Ya saba. Amefika hadi ya saba kwa kidole chake mwenyewe. Sijainuka, bado naandika. Anaita tena, anauliza kama nimelala huko nje, anasema nilete tupa.

Tupa nimeiweka wapi mimi?