Ukuta Uliomeza Ngurumo

Jumatatu, 4 Machi
Limekubali! Bamba langu, unene wa kidole tu, limeimeza ngurumo ya feni kubwa ya kukaushia hapa kiwandani. Wenzangu walishikilia kwamba sauti nzito vile inataka ukuta mnene kama godoro. Mimi nimeikunjakunja njia ya hewa ndani ya plastiki, kama utumbo. Sauti inaingia, inachokea humohumo. Kijiti, mdogo wangu anayeendesha feni, kasema leo ndiyo mara ya kwanza kusikia viatu vyake mwenyewe. Majirani hawatatushtaki tena. Nilikwenda kantini kwa madaha, sina haya.

Alhamisi, 7 Machi
Kijiti kaja ofisini na chai yake. Eti chini ya ule ukimya kuna sauti nyingine — nyembamba, inakuja inaondoka. Nikamtania: masikio yako yamekosa kazi. Halafu nikatega maikrofoni. Ipo kweli. Kwenye vipimo vyangu vya wiki jana haikuwepo.

Ijumaa, 8 Machi
Nimemwambia bosi feni izimwe, ifunguliwe, beringi zitazamwe kama hazijalika. Kacheka. Mkaguzi wa kelele anakuja Jumanne, oda haijaisha, na mimi niliajiriwa kwa kelele, si kwa beringi. Imeze na hiyo, kasema.
Ningekataa. Lakini kichwani nilishaanza kuichora njia yake! Hilo ndilo linaniuma.

Jumapili, 10 Machi
Mabamba mapya yamefungwa. Kimya kitupu. Kijiti hakukipenda. Zamani feni ikikorofika alijua hata akiwa ameipa mgongo. Sasa anaikodolea macho kama mgonjwa asiyesema anaumwa wapi. Mama alitusikia mezani, akauliza kuna nini. Mambo ya kazini tu, mama.

Jumanne, 12 Machi
Mkaguzi kafurahi, kaupiga picha ukuta wangu. Bosi alikuwa ameagiza mlango wa chumba cha feni ufungwe kwa nje, mkaguzi asije akachungulia. Sasa wamekwenda kula. Kijiti bado yumo ndani.
Nipo ofisini, upande wa pili wa ukuta. Ni bati tu, ncha za skrubu za mabamba zimetokeza huku kwangu. Nimeweka kiganja. Linatetemeka — jana halikuwa hivi. Nati moja inajifungua yenyewe, taratibu, nikiiona. Na wala husikii kitu!
Bosi hapokei. Simu ya Kijiti inaita kabatini kwake, hapa nje. Mlinzi nimemtuma akalete ufunguo. Naandika nikimsubiri. Naogopa, naogopa sana.
Nimegonga kwa ngumi. Nimemwita, kwa jina lake la utotoni, mpaka koo limewasha.
Mabamba yanameza sauti mbili tu, ya feni na ile nyembamba. Nimeyapima mwenyewe. Sauti yangu hayaigusi. Anapaswa kunisikia.
Haitiki.
Nati imeanguka. Funguo zinalia koridoni. Mlinzi anakuja anatembea — anatembea!