Ngoma Imenikuta Langoni

Mwanangu Shouyi,

Baba yako ni mzima, na hapa mjini Chang'an bado hakuna anayenishinda kuoka mkate wa ufuta.

Juzi nilichapwa viboko. Miaka arobaini ngoma ya jioni ya kufunga mitaa, ambayo ikishalia anayekutwa nje huchapwa, ilikuwa haijawahi kunikuta nje. Lakini kikosi chako kilikuwa kinarudi kutoka mpakani, nikasimama Lango la Magharibi nikitazama kila uso hadi wa mwisho.

Mlinzi akaniuliza, "Mzee, ngoma hukuisikia?"

"Nimeisikia. Mwanangu hajapita."

"Hao ndio wote waliorudi, mzee wangu. Nenda nyumbani."

Nikakataa, ndipo walinzi wakanichapa. Sikulia.

Ukifika ngoma imeshalia, usigonge lango, wasije wakakuchapa nawe. Lala hapo nje. Asubuhi lango likifunguliwa utanikuta, na mkate wa moto.

Ni mimi baba yako,
Geng