Si Nekesa Aliyeipunguza Kasi

Mpendwa bwana yangu Makokha,

Ni miaka minne sijakuita hivyo. Ulipewa jina la marehemu babu yako, kwa hiyo tangu ukiwa na meno mawili mimi Kukhu, nyanya yako, nimekuwa mke wako, nawe ukinidai chai kwa sauti ya mwenye nyumba. Sijui kama bado utanikubali ukifika mwisho wa barua hii. Nimeiacha bila bahasha, kila mtu wa nyumba hii aisome, kwa sababu jambo lenyewe nimelificha vya kutosha. Naiandika vipande vipande. Moyo umechoka, na nikilala chali maji yananipanda kifuani. Daktari alikuwa akitaja miezi. Siku hizi haitaji.

Unakumbuka siku ulipoleta ile kadi ya picha kutoka Kakamega mjini? Uliishika kifuani kama mtu aliyebeba trei ya mayai. Ukaifunga kwenye kompyuta yako pale pembeni mwa sebule, ukawasha mchezo wako wa mbio za magari. Barabarani gari lilikwenda vizuri. Lilipoingia mjini, kwenye magari mengi na watu, picha ikaanza kukwama na kuruka.

Nekesa, dada yako, alikuwa amesimama mlangoni na mwiko mkononi. Akasema, "Makokha, hiyo gari yako inavutanga trela ngapi za miwa?"

"Toka hapa. Wewe jua ugali."

"Ugali yangu haikwamangi njiani."

Nilicheka mpaka nikakohoa. Halafu nikakuuliza shida ni nini, nawe ukanieleza kwa subira kuliko nilivyokuwa nikiwaeleza wanafunzi wangu. Kadi inachora, ulisema, lakini prosesa ndiyo inayoiambia ichore nini. Prosesa ikichelewa, kadi inakaa bure. "Fremu, zile picha zinazofuatana, zinashuka mpaka ishirini kwa sekunde, Kukhu. Na nikishusha ubora wa picha, hazipandi. Kwa hivyo kosa si la kadi."

Nikakujibu kwamba hiyo ni foleni ya kiwandani: trekta zimejaa miwa kutoka langoni mpaka barabarani, na kinu kinachosaga ni kimoja. Ukajipiga gotini kwa kiganja. "Hapo sasa! Mwalimu ni mwalimu."

Baadaye ulipata prosesa nyingine, iliyotumika lakini yenye nguvu, na fremu zikapanda hadi sitini. Sikuwa nimekuona na furaha hiyo tangu tumzike mama yenu. Mlikuwa mmepanga kuingia mashindano ya mchezo huo mkiwa timu ya watu wanne, ukawa unafanya mazoezi asubuhi na mchana.

Hapo ndipo hofu yangu ilipoanza. Pembeni mwa kioo palikuwa na nambari ndogo. Nikavaa miwani, nikasoma tisini na moja.

"Hiyo ni digrii?"

"Ni kawaida, Kukhu. Zinafikanga hapo."

Kwako ilikuwa kawaida. Mimi niliona maji yanayokaribia kuchemka ndani ya sanduku la bati, chini ya dari ya mbao, kwenye waya ule ule wa birika. Kila feni ilipovuma, nilinusa moshi ambao haukuwapo. Siku moja ulipokwenda Malava, nikakaa kwenye kiti chako. Wewe mwenyewe ulikuwa umenifundisha, kwenye kompyuta yangu ndogo, mahali pa kushusha nguvu ya prosesa ili betri idumu. Nikapafungua kwenye yako. Paliandikwa asilimia mia. Nikaandika hamsini.

Feni ikatulia. Nilijiona nimezima moto.

Kama ningekwambia jioni ile, ingekuwa hadithi ya kuchekesha. Lakini mchana huo huo, kabla hujarudi, Nekesa alifungua lile sanduku kulipangusa vumbi, akitumia mkono wa sweta yake ya zamani. Alitaka kukusaidia kabla ya mashindano. Ulipowasha, gari likaanza kukwama tena. Wenzako walikucheka kwenye simu. Nilimsikia mmoja akisema, "Makokha anatuonyesha albamu ya harusi, picha moja moja!" Ulifungua sanduku, ukafunga, ukapaka upya ile dawa ya kupoza prosesa, ukaondoa hiki na kurudisha kile. Nambari ya joto sasa ilikuwa hamsini na kitu. Ukakuna kichwa: imepoa, na bado haikimbii. Basi imeguswa.

Ndipo ulipokuja jikoni. Nilikuwa nachambua mboga ya likhubi. Nekesa alikuwa amesimama karibu na sinki. Ukaniuliza, "Kukhu, wewe ulifundisha fizikia. Umeme wa kitambaa unaweza kuharibu chipu?"

Makokha, nilifundisha somo hilo miaka thelathini. Unasugua kalamu kwenye sweta, inanyanyua vipande vya karatasi. Umeme huo ni mdogo kwa kidole, ni mkubwa kwa chipu. Nilijua jibu, na nilijua pia kwamba swali lako halikuwa hilo.

Nikasema, "Unaweza."

Neno moja, tena la kweli. Sijawahi kusema uongo mkubwa kuliko ule.

Uliyomwambia Nekesa baada ya hapo sitayarudia. Alikujibu mara moja tu: "Nilipangusa vumbi, Makokha. Vumbi peke yake." Timu ikachukua mtu mwingine. Wewe ukaenda Nakuru, na tangu hapo ukipiga simu unauliza hali yangu, hali ya ng'ombe, hata hali ya mvua. Jina la dada yako hulitaji.

Naomba usinisamehe upesi kwa sababu ya ile hofu ya moto. Hofu ilikuwa ya kweli, lakini ilidumu siku mbili tatu. Baada ya hapo ilikuwa kitu kingine. Mchezo ulipokwama, ulianza kutoka sebuleni. Ulikaa nami jikoni, ukachambua mboga vibaya, ukaniuliza babu yako alinitongoza vipi. Nilikuwa nimepata mjukuu wangu tena. Kila asubuhi nilisema leo nitarudisha mia, na kila asubuhi ulivuta kigoda, ukakaa. Ndiyo maana nilijibu vile. Nilidhani utakasirika siku mbili, halafu utabaki.

Naambiwa siku hizi unatengeneza kompyuta za watu. Hilo linanitia wasiwasi kuliko kifua changu. Labda umeshakutana na mpangilio kama huo kwenye mashine ya mteja. Labda uliinua kichwa, ukawaza, ukaniondoa kwenye orodha ya walioweza kuigusa mashine yako kwa sababu mimi ni Kukhu. Ikiwa ulifanya hivyo, nisamehe na hilo pia.

Sasa naelewa vizuri zaidi ulichokuwa ukinieleza. Macho yangu yanauona mlango, lakini miguu inapata habari baadaye. Anayenishika nisianguke ni Nekesa. Ananiogesha, ananipikia uji, anamkataza mwanawe asipande kitandani kwangu. Mtoto ana miaka mitatu na hajui sura ya mjomba wake. Kaburi lenyewe haliniogopeshi sana. Kinachoniogopesha ni hema la matanga: wewe umekaa upande huu, dada yako upande ule, watu wakidhani ni msiba umewanyamazisha, na aliyejua sababu amelala ndani ya sanduku.

Jana baada ya chakula cha mchana nilimwambia yote. Nilitaka asikie kabla yako, maana yeye ndiye aliyebeba lawama. Aliacha sahani kwenye maji.

"Miaka minne, Kukhu?"

"Miaka minne."

Akatoka nje. Nilihesabu pumzi zangu nikidhani hatarudi. Alirudi na uji, akaupoza kama kawaida, akanishikia kikombe. Hakuniangalia.

Kompyuta yako ingali pale pembeni, imefunikwa kitambaa. Leo nilitaka kuirudisha mia kwa mkono wangu, lakini herufi ndogo za kioo siku hizi zinanikimbia. Nikamwomba Nekesa aniwashie, abonyeze nitakapomwelekeza. Akatikisa kichwa.

"Mashine ya mtu siigusi," akasema. "Mwenyewe aje."

Kwa hiyo bado iko hamsini, bwana yangu. Nimemwomba akubali kusimama kando yako utakapoiwasha. Hakusema ndiyo. Lakini asubuhi hii nilisikia kigoda chako kikiburutwa kutoka stoo, na maji yakimwagwa juu yake.

Njoo nikiwa bado nasikia feni.

Mke wako mzee,
Kukhu